Mapitio ya Pylake: programu huria ya kujifunzia vipimo vya molekuli moja moja za DNA na protini

Pylake ni maktaba ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python, inayotolewa bure na kampuni ya LUMICKS ya Amsterdam kwa ajili ya kusoma na kuchambua data za mashine zake za kibano cha mwanga, yaani vyombo vinavyoshika vitu vidogo sana kwa miali ya leza. Haikutungwa iwe kitabu cha kiada wala kozi. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa biolojia ya molekuli aliyeko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura, anayetaka kuelewa namna protini moja inavyoushika uzi mmoja wa DNA, inavyoteleza juu yake na hatimaye inavyouachia, sijaona njia nyingine ya gharama ndogo inayomfikisha mbali kiasi hiki. Nimeitumia katika kufundisha wanafunzi wa shahada ya uzamili ambao hawajawahi kukaa mbele ya mashine yenyewe, na mapitio haya yanaipima kwa jicho hilo la ufundishaji. Wale wenye maabara iliyokamilika watakuwa na maswali mengine.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na taaluma hii, inafaa kueleza kwanza kwa nini mtu ajisumbue na molekuli moja. Katika jaribio la kawaida, tone dogo la mchanganyiko hubeba mabilioni ya molekuli, na kipimo kinachopatikana ni wastani wa tabia za zote kwa pamoja. Wastani huo hauonyeshi kwamba baadhi ya protini zimelala ilhali nyingine zinafanya kazi, wala hauonyeshi protini inayosimama, kurudi nyuma kidogo, kisha kuendelea. Mwaka 1992 Steven Smith, Laura Finzi na Carlos Bustamante walichapisha katika jarida la Science vipimo vya kuvuta uzi mmoja wa DNA uliofungwa kwenye kishanga cha sumaku, na mwaka 2005 kundi la Steven Block wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha polimerasi ya RNA, kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA, ikisonga juu ya DNA kwa hatua za jozi moja ya besi, yaani nanomita 0.34. Hakuna wastani ungeweza kuonyesha hatua hizo, kwa sababu molekuli mbili zinazotembea hazinyanyui mguu kwa pamoja.

Kibano cha mwanga chenyewe kina asili yake katika kazi ya Arthur Ashkin wa Bell Labs, ambaye mwaka 1986, pamoja na wenzake, alionyesha kwamba mwali mmoja wa leza uliokusanywa na lenzi kali unaweza kukamata na kushikilia kishanga kidogo ndani ya maji. Kazi hiyo ilimpatia nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 96. Mashine ya LUMICKS iitwayo C-Trap, ambayo ndiyo chanzo cha data nyingi zinazosomwa na Pylake, hutumia wazo hilo hilo. Vishanga viwili vya plastiki vilivyopakwa streptavidini hushikwa na miali miwili, na kati yao hunaswa uzi wa DNA ambao ncha zake zimewekewa biotini, molekuli ndogo inayoshikamana kwa nguvu na streptavidini. Kisha kishanga kimoja husogezwa ili uzi unyooke, na darubini ya konfokali huangalia protini zilizotiwa rangi ya kung'aa zikitua juu ya uzi huo. Vimiminika mbalimbali hupita sambamba ndani ya kijisanduku cha kioo bila kuchanganyika, hivyo mtafiti huweza kuhamisha DNA yake kutoka mkondo wa vishanga hadi mkondo wa protini kwa muda mfupi. Ni mashine nzuri, na ni ya bei ya mamia ya maelfu ya dola. Hapo ndipo mazungumzo kuhusu kibano cha mwanga yanapokoma katika idara nyingi za kwetu, na hapo ndipo Pylake inapoingia.

Programu hii ina leseni ya Apache 2.0, kwa hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuifundishia bila malipo. Inasakinishwa kwa amri moja kwenye kompyuta yenye Python, na inafanya kazi vilevile ndani ya Google Colab, yaani kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Nyaraka zake zina mifano iliyokamilika, yenye msimbo, grafu na maelezo. Data za mifano hiyo zimehifadhiwa Zenodo, ghala la wazi linaloendeshwa na CERN, na Pylake ina amri ya kuzipakua moja kwa moja kwa kutumia namba ya utambulisho wa ghala. Mwanafunzi anayefuata mfano anachambua vipimo halisi vya maabara, pamoja na kelele zake. Kwa ufundishaji, hili lina uzito kuliko ubora wowote wa programu yenyewe, kwa sababu data za kubuni humzoesha mwanafunzi kutarajia majibu yaliyonyooka.

Jambo la kuangalia ni bando. Mashine hurekodi kani kwa kasi ya vipimo 78,125 kwa sekunde katika kila chaneli. Ikiwa kila namba inachukua baiti 8, dakika moja ya chaneli moja tu ni takriban megabaiti 37 kabla faili halijabanwa, na faili moja lina chaneli kadhaa. Kwa sababu hiyo ninapendelea Colab hata kwa wanafunzi wenye kompyuta mpakato nzuri, kwani data husafiri kutoka Zenodo hadi kwenye seva za Google bila kupita kwenye simu ya mtu, na kinachofika kwake ni grafu tu.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya kusawazisha kipimo cha kani. Vitabu vingi huipitia kwa aya moja na kukimbilia matokeo, ilhali hapa ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba mashine haipimi kani hata kidogo. Kinachotoka kwenye kihisi ni volti. Ili volti ziwe pikonyutoni, yaani sehemu za trilioni za nyutoni, ni lazima ijulikane mwali umekishika kishanga kwa ugumu kiasi gani, na ugumu huo hupatikana kwa kusikiliza mtikisiko wa kishanga kinapopigwapigwa na molekuli za maji. Ukichora nguvu ya mtikisiko huo dhidi ya masafa yake, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, grafu huwa tambarare upande wa masafa madogo, kisha huanza kuporomoka baada ya masafa fulani ya kona. Kishanga kilichoshikwa kwa ugumu zaidi hurudi katikati upesi zaidi, kwa hiyo kona yake huwa kwenye masafa ya juu.

Uzuri wake ni kwamba hesabu hii inaweza kufanywa kwa kalamu kabla ya kuifungua programu, na ninasisitiza ifanywe hivyo. Chukua kishanga chenye kipenyo cha maikromita 1 ndani ya maji ya nyuzi joto 20. Kwa kanuni ya Stokes, msuguano wake na maji ni takriban pikonyutoni-sekunde 0.0000094 kwa nanomita. Kona ikiwa kwenye hezi 3,000, zidisha msuguano huo kwa masafa hayo na kwa mara mbili ya pai, nawe utapata ugumu wa takriban pikonyutoni 0.18 kwa nanomita. Kutokana na ugumu huo na nishati ya joto, ambayo kwa nyuzi 20 ni pikonyutoni-nanomita 4.05, unapata pia kwamba kishanga hutikisika kwa kiasi cha nanomita 5 hivi kuzunguka katikati ya mwali. Mwanafunzi aliyeyafanya haya kwenye karatasi, kisha akaiona Pylake ikileta ugumu wa kiwango hicho hicho kutokana na data za kweli, hataichukulia tena namba ya kani kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni.

Baada ya hapo ndipo zoezi lenye faida zaidi linapowezekana, nalo ni kuidanganya programu kwa makusudi. Pylake inamtaka mtumiaji aeleze kipenyo cha kishanga na joto la maji, na asipotaja mnato huukokotoa yenyewe kutokana na joto hilo. Mwambie mwanafunzi aongeze kipenyo kwa asilimia 10 huku data zikibaki zile zile, na kani zote zitapanda kwa karibu asilimia 5. Mwambie abadilishe joto kutoka nyuzi 20 hadi 25, na kani zitashuka kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa maji ya nyuzi 25 yana mnato mdogo kwa takriban asilimia 11. Kosa la kipenyo huingia chini ya kipeuo cha pili, kwa hiyo hupungua nusu, lakini haliondoki. Mtu akishaona hivyo anaanza kusoma makala za watafiti wengine kwa namna tofauti, akitafuta kwanza walisema nini kuhusu vishanga vyao na joto la kijisanduku chao. Nyaraka zinaendelea hadi kwenye mambo magumu zaidi, kama vile athari ya ukaribu wa kishanga na kioo, uzito wa maji yanayosukumwa pamoja na kishanga, na kihisi chenyewe kinachochelewa kuitikia masafa makubwa. Mwanafunzi wa kawaida anaweza kuyaruka hayo kwa mara ya kwanza.

Sehemu ya pili kwa ubora ni ulinganishaji wa data za kuvuta DNA na vielelezo vya kinadharia. DNA inayotumika mara nyingi ni ile ya virusi aina ya lambda, yenye jozi 48,502 za besi, ambazo kwa nanomita 0.34 kila moja hutoa uzi wa maikromita 16.5. Katika maji uzi huo hujikunja ovyo, na kuunyoosha kunahitaji kani hata kabla kifungo chochote cha kikemia hakijaguswa, kwa sababu joto linapendelea mikunjo. Kielelezo kinachotumika kina namba tatu za msingi, nazo ni urefu kamili wa uzi, urefu wa ukakamavu wake (kipimo cha jinsi uzi unavyokataa kupinda) ambao ni takriban nanomita 50, na ukinzani wake wa kutanuka ambao ni takriban pikonyutoni 1,000. Ukivuta kwa pikonyutoni 10, uzi wa lambda unatarajiwa kufikia kama maikromita 15.9. Karibu na pikonyutoni 65 jambo la ajabu hutokea, kwani DNA hurefuka ghafla hadi takriban mara 1.7 ya urefu wake wa kawaida huku kani ikibaki karibu pale pale. Jambo hilo liliripotiwa mwaka 1996 na makundi mawili tofauti, moja la Marekani na jingine la Ufaransa.

Pylake inamwezesha mwanafunzi kuyaona yote haya, lakini somo kubwa liko kwenye mipaka ya kielelezo. Kielelezo cha kawaida hufaa hadi takriban pikonyutoni 30, na zaidi ya hapo inabidi kutumia kingine kinachozingatia kwamba DNA hujinyonga inapovutwa. Mwanafunzi akikilazimisha kielelezo cha kwanza kwenye data za hadi pikonyutoni 50, mstari unaweza kupita vizuri tu juu ya nukta zake, ilhali urefu wa ukakamavu umekwenda mahali pasipo na maana ya kifizikia. Programu haitamzuia. Itampa jibu pamoja na makadirio ya kosa, na makadirio hayo yanaweza kuwa madogo kabisa, maana yanapima ulinganifu wa mstari na nukta na hayajui lolote kuhusu ukweli wa kielelezo. Nadhani programu kama hii haikupaswa kumzuia mtu, lakini mwalimu anapaswa kuwepo wakati huo.

Mfano wa RecA uliomo katika nyaraka unastahili kutajwa kwa sababu unaunganisha fizikia hii na protini yenyewe. RecA ni protini ya bakteria inayoshiriki katika kurekebisha DNA iliyovunjika. Hujipanga juu ya uzi, molekuli moja kwa kila jozi tatu za besi, na huurefusha kwa takriban mara moja na nusu, kutoka nanomita 0.34 hadi 0.51 kwa jozi, huku ikiufanya uwe mkakamavu zaidi. Katika mfano, DNA tupu na DNA yenye RecA hulinganishwa na kielelezo kimoja, kila moja ikiwa na namba zake, na tofauti kati ya makundi hayo mawili ya namba ndiyo alama ya protini. Hakuna rangi ya kung'aa iliyotumika na protini haikuonekana kwa jicho, lakini kuwepo kwake kunasomeka kutokana na jinsi uzi unavyokinza kuvutwa. Wanafunzi wengi huchukua muda kukubali kwamba huo ni ushahidi, na muda huo haupotei bure.

Kisha zinakuja picha zinazoitwa kimografu, ambazo kwa hakika ndizo zinazowavutia watu kwenye taaluma hii. Leza ya kuangaza hupita juu ya uzi wa DNA tena na tena kwenye mstari ule ule, na mistari hiyo ikipangwa bega kwa bega hupatikana picha yenye mhimili mmoja wa mahali na mwingine wa muda. Protini iliyotulia huchora mstari mnyoofu, inayoteleza huchora mstari unaoyumba, na inayoachia hukatika ghafla. Mmoja wa mifano hutumia Cas9, kimeng'enya kinachofahamika kwa kazi yake ya kuhariri jeni, kikiwa juu ya DNA inayovutwa kwa kani tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika Nature Structural & Molecular Biology ulionyesha kwamba DNA ikivutwa, Cas9 huanza kushika hata mahali pasipolingana na mwongozo wake, yaani RNA inayokielekeza, na katika kimografu jambo hilo huonekana waziwazi, kwa kuwa mistari huongezeka kadiri kani inavyopanda.

Kugeuza mistari hiyo kuwa namba ni kazi ya kifuatiliaji kilichomo ndani ya Pylake, nacho kina vipimo kadhaa vya kuamuliwa na mtumiaji, hasa kizingiti cha mwangaza. Kizingiti kikiwa chini, kelele huhesabiwa kuwa protini. Kikiwa juu, protini iliyofifia kwa muda huhesabiwa kuwa mbili, ya kwanza iliyoondoka na ya pili iliyokuja. Ninachowaagiza wanafunzi ni kurudia uchambuzi kwa vizingiti kadhaa na kuandika matokeo yote kwenye ripoti, bila kuchagua kile kinachopendeza. Nyaraka zinaeleza vizuri kila kipimo kinafanya nini, ila hazisisitizi vya kutosha kwamba uchaguzi huo ni sehemu ya matokeo. Kuna pia suala la ukali wa picha. Doa la mwanga wa konfokali lina upana wa takriban nanomita 250, sawa na zaidi ya jozi 700 za besi, na hata programu inapotafuta kitovu cha doa kwa usahihi wa makumi ya nanomita, mtafiti bado hawezi kusema protini imekaa juu ya herufi gani ya DNA.

Kutokana na mistari hiyo hupatikana muda ambao kila protini imekaa juu ya DNA, na hapa Pylake inaonyesha umakini ambao si kila programu ya bure inao. Muda mfupi kuliko kiwango ambacho kifuatiliaji kinaweza kukitambua hauonekani, na hesabu ya programu huzingatia upungufu huo. Mistari iliyokuwepo tayari kipimo kilipoanza, au ambayo haikuwa imekatika kilipokwisha, inaweza kuondolewa kwa sababu muda wake kamili haujulikani. Kinachobaki mikononi mwa mtafiti ni kufifia kwa rangi. Mstari hukatika protini inapoachia DNA, na hukatika vilevile rangi inapoungua kwa sababu ya leza, na katika picha matukio hayo mawili hayatofautiani hata kidogo. Ikiwa protini hukaa kwa wastani wa sekunde 60 na rangi nayo hudumu kwa wastani wa sekunde 60, kinachoonekana ni wastani wa sekunde 30. Dawa yake ni kurudia kipimo kwa nguvu tofauti za leza, jambo ambalo mwanafunzi mwenye faili lililopakuliwa hawezi kulifanya. Anaweza kulijua tu, na kulisubiri.

Hiyo ndiyo kasoro ya kujifunza kwa njia hii, na haitakuwa haki kuiita kasoro ya Pylake, kwa kuwa haikuahidi kingine. Nusu nzima ya ufundi wa molekuli moja iko kwenye meza ya maabara. Mtu anapaswa kuweka biotini kwenye ncha za DNA, kusafisha protini na kuitia rangi bila kuiharibu, kupaka kioo kaseini au albumini ili protini zisigandie hapo, na kuchagua kiasi cha chumvi, ambacho kinaweza kubadilisha kabisa namna protini inavyoushika uzi. Lazima aondoe oksijeni kwenye maji, mara nyingi kwa vimeng'enya vya glukosi oksidesi na katalesi, ili rangi idumu, na apambane na mapovu ya hewa ndani ya mirija. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana katika faili la data. Zaidi ya hayo, data za mifano zimechaguliwa ili zifundishe, hivyo ni nadhifu kuliko zile ambazo mtafiti hukutana nazo siku za kwanza. Mwanafunzi hapati nafasi ya kutosha ya kukutana na vishanga vilivyounganishwa kwa nyuzi mbili badala ya mmoja. Hata hivyo, hilo mwalimu anaweza kulitengeneza kwa kuzidisha safu ya kani kwa mbili na kuwauliza wanafunzi kuna tatizo gani. Atakayejibu kwamba ugumu wa uzi umekuwa mara mbili ya unaotarajiwa kwa urefu ule ule amekwishaelewa jambo ambalo wengine hulijua baada ya kuharibu majaribio mengi.

Nyaraka zimeandikwa kwa Kiingereza kizuri na kifupi, na zinadhani msomaji anajua Python ya kiwango cha kati pamoja na takwimu za msingi. Kwa mwanafunzi wa biolojia aliyemaliza shahada ya kwanza bila kuandika msimbo wowote, hali ambayo bado ni ya kawaida katika vyuo vyetu, hatua za mwanzo ni ngumu kuliko fizikia yenyewe. Ningeshauri apewe kwanza wiki chache za Python kwa kutumia data anazozifahamu, kabla ya kuletewa kibano cha mwanga. Kuna pia suala la uhusiano na kampuni. Pylake imetengenezwa ili isome mafaili ya mashine za LUMICKS, na ni wazi kwamba kampuni inanufaika watafiti wanapozoea vifaa vyake tangu wakiwa wanafunzi. Sioni ubaya katika hilo, mradi lijulikane. Sehemu za kusawazisha kani na za kulinganisha vielelezo hupokea safu za namba za kawaida, kwa hiyo zinatumika hata kwa data zilizotoka kwenye chombo kilichoundwa na mtafiti mwenyewe.

Kuhusu mbinu nyingine za molekuli moja, Pylake haina msaada mkubwa. Anayetaka kujifunza kupima umbali wa nanomita chache kwa jozi ya rangi zinazopokezana nishati, mbinu iitwayo FRET, atafute kwingine. Mahali pazuri pa kuanzia ni smfBox ya Chuo Kikuu cha Sheffield, chombo ambacho michoro na programu zake zilitolewa wazi mwaka 2020. Na kwa idara yenye darubini nzuri na kamera, lakini isiyo na fedha za leza, ipo mbinu ya zamani ambayo naona imesahaulika isivyostahili. Uzi wa DNA hufungwa upande mmoja kwenye kioo na upande wa pili kwenye kishanga kidogo, kisha kamera huangalia kishanga kinatangatanga hadi umbali gani. Uzi ukifupishwa na protini, eneo la kutangatanga hupungua. Kwa njia hiyo polimerasi ya RNA ilifuatiliwa ikinakili DNA mwaka 1991, na mwaka 1995 Laura Finzi na Jeff Gelles walionyesha kizuizi cha lac, protini ya bakteria inayozima jeni, kikiukunja uzi kuwa kitanzi na kuufungua tena. Mwanafunzi aliyejifunza kusoma mtikisiko wa kishanga ndani ya Pylake anaielewa mbinu hii mara moja, kwa sababu ni mwendo wa Brown ule ule, yaani mtikisiko wa kupigwapigwa na molekuli za maji, usio na mwali wa kuuzuia, na anaweza kuijaribu kwa mikono yake bila kusubiri mfadhili.

Kwa hiyo ningeipendekeza Pylake bila kusita kwa mhadhiri anayefundisha biofizikia au biolojia ya molekuli kwa kundi dogo, na kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda kwenye maabara yenye kibano cha mwanga, ambaye atafika akiwa na maswali ya maana. Kwa anayejisomea peke yake ningeipendekeza kwa sharti kwamba awe na mtu wa kumwonyesha grafu zake, kwa sababu programu hii hutoa namba safi hata pale swali lilipoulizwa vibaya. Sitaipendekeza kwa anayetafuta cheti, maana haitoi cheti chochote. Toleo jipya linaweza kubadilisha baadhi ya amri, na orodha ya mabadiliko huchapishwa pamoja nalo. Mwalimu anayeandaa mazoezi ya muhula mzima ataje namba ya toleo ndani ya amri ya kusakinisha, na kila mwanafunzi aiandike namba hiyo kwenye ripoti yake, karibu na kipenyo cha kishanga na joto la maji.